Msosi wa kempingi bila nyama wala maziwa, namna tunavyofanya sisi wa Tanga

Kila ikikaribia Idi, Pasaka au wikiendi yoyote ndefu simu yangu inajaa maswali yaleyale. Tunaenda ufukweni Ushongo kulala siku mbili, mmoja wetu hali nyama, tubebe nini? Mchumba wangu ni vigani, huko msituni Amani atakula nini? Tui la nazi linakaa siku ngapi? Nimejibu mmoja mmoja mpaka vidole vimechoka, sasa naandika hapa mara moja, ukiulizwa na wewe mtumie mwenzio hii.

Kwa ambaye hajui, vigani ni mtu asiyekula chochote kilichotoka kwa mnyama. Nyama hapana, kuku hapana, samaki na dagaa hapana (hapa ndo watu wa Pwani tunapoteleza, maana kwetu samaki siyo nyama), mayai, maziwa, samli, hata asali hapana. Shemeji yangu aliposikia hivyo akacheka, "kwa hiyo mnaenda kula majani porini?" Na wakati anauliza mkononi ana andazi la nazi na mbele yake bakuli la mbaazi, anachovya anakula, hajui kama muda huo yeye mwenyewe ni vigani. Hebu hesabu vya jikoni kwetu: mbaazi za nazi, kunde, muhogo wa nazi, mchicha, bajia, kachumbari, viazi vitamu, tambi. Chakula kipo tayari, usihangaike kutafuta vipaketi vya bei mbaya. Shida ya kempingi ni moto, maji, na hili joto letu linaloharibu kila kitu kabla jua halijazama.

Kwa hiyo mtindo wangu ni mmoja tu: kazi ya jikoni naimaliza nyumbani, kambini nachemsha maji. Mahesabu yangu hapa ni ya watu wanne, usiku mbili, mnaondoka Ijumaa asubuhi mnarudi Jumapili mchana.

VITU VYA KUWA NAVYO

Vyombo kwanza:
- sufuria mbili zenye mifuniko inayokaa vizuri, moja iingie ndani ya nyingine
- jiko la gesi la mtungi mdogo, na uwe umeshalijaribu nyumbani
- chupa ya chai kubwa
- deli la kutunzia baridi
- makopo ya mfuniko wa kubana, sita hivi
- mbuzi, wa kukunia nazi, huyo ndo mbuzi pekee anayeruhusiwa kwenye safari hii
- kitambaa cheupe safi cha kuchujia
- blanketi zito moja au mawili, mbali na yale ya kulalia
- kisu, mwiko, upawa, viberiti viwili na kimoja kikae ndani ya kopo

Chakula: mchele kilo moja na nusu, mbaazi kavu nusu kilo, choroko nusu kilo, tambi paketi mbili, pepeta (mpunga uliokaangwa ukatwangwa) nusu kilo, unga wa ngano kilo moja wa chapati, nazi nzima nne, viazi vitamu kilo mbili, boflo (mikate) mbili, siagi ya karanga kopo moja, karanga za kukaanga, tende, kashata. Mbogamboga chukua nyanya ambazo bado ngumu, vitunguu maji, vitunguu saumu, karoti, hoho, ndimu kama kumi, embe bichi, tangawizi, maparachichi ambayo hayajaiva. Mafuta, chumvi, sukari, majani ya chai. Vyote hivi soko la Mgandini hapa Tanga unavipata asubuhi moja, na kama unapita Muheza machungwa na viungo nunua hukohuko, iliki na mdalasini wa milimani una harufu nyingine kabisa.

Maji piga lita tano kwa mtu kwa siku, kunywa na kupikia. Watu wanne siku mbili na nusu ni lita 50, yaani madumu mawili ya lita 20 na moja la 10. Watu wanaona mengi halafu Jumamosi saa kumi wanaanza kuulizana nani alinawia maji ya kunywa.

Halafu soma paketi. Hapa ndo watu wanaharibu. Biskuti nyingi zina maziwa ya unga, siagi nyingine za kupaka mkate pia, tambi za kuchemsha za paketi zile zenye kipakiti cha viungo ndani unakuta imeandikwa ladha ya kuku. Boflo na andazi muulize muuzaji kama ametia maziwa au yai, usione aibu, wengi wanatia nazi tu na watakwambia.

HATUA KWA HATUA

1. Jumatano usiku loweka choroko na mbaazi, kila kimoja na bakuli lake. Maji yazidi sana maana zinavimba.

2. Alhamisi asubuhi mwaga maji ya choroko, zisuuze, zifunge kwenye kitambaa chenye unyevu, weka kwenye bakuli mahali penye kivuli. Asubuhi na jioni unazisuuza unazirudisha. Ijumaa utakuta zimetoa vimkia vidogo, hapo zimekuwa tayari. Zikitoa mikia mirefu zinakuwa chungu chungu, mimi sizipendi.

3. Alhamisi hiyohiyo mwaga maji uliyolowekea mbaazi, zichemshe kwa maji mapya mpaka ziive kabisa, tia chumvi na kitunguu, USITIE NAZI. Zikipoa zipakie kwenye makopo mawili, usijaze mpaka juu, tia kwenye friza. Asubuhi unakuwa na matofali mawili ya barafu ambayo pia ni chakula cha jioni, kwa hiyo huna haja ya kununua barafu nyingi ya deli. Hii niligundua kwa bahati mbaya tu, nilisahau mbaazi kwenye friza, tangu siku hiyo sijaacha.

4. Pika chapati kumi na mbili za maji na mafuta, bila maziwa wala samli. Ziache zipoe kabisaaa ndo uzifunge kwenye kitambaa halafu kopo. Ukizifunga za moto mvuke unarudi kuwa maji, kesho yake zinanuka.

5. Tambi zikaange na mafuta kidogo mpaka ziwe na rangi ya dhahabu, zikipoa zitie kwenye kopo na sukari, iliki iliyotwangwa na zabibu ukipenda. Kopo lingine tia viungo vya pilau: bizari nyembamba, mdalasini, karafuu, pilipili manga, iliki. Mchele uchambue nyumbani kwenye mwanga, porini kwa tochi utakula mawe.

6. Ijumaa asubuhi panga deli. Makopo ya mbaazi chini, choroko juu yake, nyanya na parachichi nje ya deli kwenye kikapu. Usipange safari ya mifuko ya plastiki, ile rambo, ilipigwa marufuku tangu Juni 2019, tumia makopo na vikapu, na porini makopo ni bora hata bila sheria maana panya hatoboi. Kama unakwenda Ushongo kumbuka pale Pangani unavuka mto kwa kivuko mpaka Bweni, mnaweza kukaa foleni juani, kwa hiyo deli lifunike kanga iliyolowa maji. Na ulichosahau kinunue Pangani mjini kabla hujavuka.

7. Mkifika, kabla ya kupiga tenti tafuteni jiko litakaa wapi. Ufukweni upepo ndo adui, moto unayumba gesi inaisha sufuria haichemki, chimba kidogo kwenye mchanga au zungushia mawe, lakini usiuzibe mtungi wenyewe ukapata joto. Amani na misitu mingine ya hifadhi usianze kuokota kuni kwa kujiamulia, waulize wahusika pale getini wakwambie pa kuwashia moto, na ukweli ni kwamba ukiwa na gesi hizo kuni huzihitaji.

8. Ijumaa mchana hakuna kupika. Chapati, kachumbari, bajia mlizonunua asubuhi mjini. Mmalize bajia zote siku hiyo.

9. Ijumaa jioni ni mbaazi. Kuna nazi moja kwa mbuzi, tena ikunwe dakika ileile unayotaka kuitumia. Tia maji ya vuguvugu kikombe kimoja, kamua, chuja, hilo ni tui la kwanza liweke pembeni. Tia maji mengine vikombe viwili kwenye machicha, kamua tena, hilo la pili. Mbaazi na tui la pili chemsha dakika kumi na kipande cha pilipili, mwisho mimina tui la kwanza, koroga polepole bila kufunika mpaka lichemke kidogo, ipua. Mnakula na boflo. Jiko limewaka dakika ishirini tu na watu wameshiba.

10. Kabla ya kulala chemsha maji ujaze chupa ya chai. Asubuhi chai ya rangi ya tangawizi inapatikana bila kuwasha kitu, kama chupa yako ni nzima.

11. Jumamosi asubuhi pepeta. Nashangaa sana vijana wa siku hizi hawaijui, wanatafuta vyakula vya nafaka vya maboksi na wakati pepeta ni hichohicho: mpunga mchanga unakaangwa unatwangwa unakuwa bapa, hauhitaji moto tena. Nyunyizia maji ya moto kidogo ilainike, tia nazi iliyokunwa, sukari, karanga, ndizi ukate juu. Bibi yangu alikuwa anatupa hii tukirudi madrasa, na mpaka leo sijaona chakula cha porini kinachoifikia. Usipoipata sokoni chukua unga wa ulezi upike uji na siagi ya karanga, dakika kumi.

12. Jumamosi mchana ni choroko. Zimwagie maji yanayochemka, ziache dakika moja mbili, chuja. Hatua hii usiiruke, mbegu zilizoota kwenye joto zinabeba vijidudu, na zikiliwa mbichi zinaweza kuangusha kambi nzima. Changanya na nyanya, kitunguu, karoti, embe bichi la kukwaruza, pilipili, ndimu mbili, chumvi, mafuta kidogo, parachichi likatwe mwisho. Na chapati zilizobaki. Hiki ndo chakula wageni wangu wanakiomba mpaka nyumbani.

13. Jumamosi jioni ni pilau la blanketi, na hili nitalieleza kwa kirefu maana ndo watu hawaamini. Kaanga vitunguu mpaka viwe vyeusi vyeusi, vinatoa rangi, tia tangawizi na saumu, kopo la viungo, karoti, chumvi. Mchele vikombe vitatu uoshe haraka, utie, koroga. Maji ya moto vikombe vitano, pungufu kidogo kuliko unavyopikia nyumbani, kwa sababu humu maji hayapotei. Funika, ichemke kwa nguvu dakika saba, yaani mpaka uone maji yanakaribia kulingana na mchele lakini bado yapo. Zima jiko. Bila kufunua mfuniko, funga sufuria na kanga, halafu izungushie blanketi zito chini, pembeni na juu, isiwe na upenyo, iweke ndani ya kikapu au katikati ya mabegi ya nguo. Saa nzima usiifungue. Nimesema usiifungue! Kuna jamaa kila mara ananyanyua blanketi kunusa, pilau linabaki na kiini, halafu anasema njia yangu ni ya uongo. Joto lilelile la mchemko linamalizia kazi, kinachotakiwa ni lisitoroke tu. Na sufuria iwe imejaa angalau nusu, chakula kidogo ndani ya sufuria kubwa kinapoa upesi. Wakati pilau liko blanketini tengeneza chatini: nazi, pilipili mbichi, chumvi, ndimu, ponda kwa mche au hata chini ya kikombe.

14. Jumapili asubuhi tambi. Zimeshakaangwa na sukari imo, wewe ongeza maji kidogo tu ziive, zikikaribia kukauka mwagia tui la nazi ya tatu, funika moto mdogo dakika tano. Viazi vitamu vichome kwenye majivu usiku uliopita kama mlikuwa na moto, kama hamkuwa nao vichemshe. Nazi ya nne ni ya akiba, kuna moja itakuwa imeharibika, huwa haikosi.

MAKOSA YANAYORUDIWA KILA SAFARI

Kubeba tui tayari. Nilifanya mwenyewe, nikakamua nyumbani, nikajaza chupa ya soda, nikajiona mjanja. Kufika Pangani chupa imevimba, kufungua ikaruka mpaka kwenye kofia ya dereva, na harufu ile ikakaa kwenye gari wiki nzima. Watu wanasema Tanga waja leo waondoka leo, basi na tui ni hivyohivyo, linakuja leo linaondoka leo. Nazi nzima haina neno, inakaa kikapuni siku zote bila kudai chochote.

Maharage mekundu kwenye blanketi. Hapana kabisa. Yana sumu ya asili ambayo inakufa kwa mchemko mkali tu, joto la uvuguvugu haliiondoi, na inatapisha kweli kweli. Ukitaka maharage yapike nyumbani yaive, uyagandishe kama mbaazi, au nunua ya kopo.

Kutafuna muhogo mbichi usioujua. Ule wa mjini wa kula na pilipili na ndimu ni muhogo mtamu na muuzaji anaujua. Shamba la njiani unaweza kukutana na muhogo mchungu, una sumu. Uache.

Kiporo cha wali. Nyumbani una friji, kambini huna. Wali uliolala kwenye joto unaleta kuhara hata kama haujanuka, na kuupasha moto hakuondoi tatizo. Pika wa kuisha.

Karanga zenye ukungu au zilizokunyata rangi zimebadilika, tupa, hiyo ni sumukuvu na haitoki kwa kukaanga.

Na hili naomba ulisome mara mbili: jiko la mkaa lisiingie ndani ya tenti, hata kama mko Lushoto mwezi wa saba na baridi inang'ata. Moshi wake mwingine hauonekani wala haunuki, na watu wanalala moja kwa moja. Jiko la gesi nalo likae nje.

MAMBO YAKIHARIBIKA

Pilau limebaki na kiini. Nyunyiza maji ya moto robo kikombe, rudisha jikoni moto mdogo dakika tano, funga tena blanketi dakika ishirini. Likiwa bokoboko, safari ijayo punguza maji nusu kikombe, leo kuleni tu.

Tui limekatika, mafuta yamejitenga. Moto ulikuwa mkali au ulifunika. Linalika, halijaharibika, sura tu ndo mbaya.

Gesi imekata Jumamosi mchana. Choroko zinahitaji maji ya moto, ya kwenye chupa ya chai ya asubuhi saa hizo hayatoshi joto, kwa hiyo choroko ziache. Mna chapati, siagi ya karanga, parachichi, nyanya, tende, kashata, pepeta inalainika hata kwa tui la maji baridi. Hamfi.

Barafu ya deli imeyeyuka yote kabla ya jioni. Mbaazi kama bado ni za baridi mkononi zipike saa hiyohiyo, hata kama ni saa tisa. Kama zimeshakuwa vuguvugu au zina povu, mwaga, usionje.

Maji yameisha na kuna kijito. Yachuje kwa kitambaa, yachemshe, yakianza kutokota hesabu dakika nzima ndo uipue.

Kima wamebeba boflo. Amani wapo, na wanajua zipu za mabegi kuliko wewe. Chakula kikae ndani ya gari au kwenye deli lenye jiwe juu, usiwarushie hata ganda la ndizi maana watarudi na ukoo mzima. Ufukweni wale kaa wa mchangani nao wanakuja usiku, ninginiza kikapu. Hifadhi ya Saadani ni habari nyingine, kule kuna simba na tembo, lala pale ulipoelekezwa tu na usiingize chakula ndani ya tenti, hasa matunda, tembo harufu ya machungwa anaisikia.

Matumbo yanaunguruma usiku kucha. Ni mbaazi, maji ya kulowekea hukuyamwaga. Ukichemsha na yaleyale tenti nzima itajua. Chemsha tangawizi, na huyo mpishi alale karibu na mlango.